Saa Moja Kwenye Saba

Baba yangu hutengeneza saa Chikongola,
kibanda cha pili ukitoka kwa wauza mitumba,
lenzi jichoni, pumzi ameibana.
Ndiye aliyenifundisha kusoma uongo ulionyooka:
akrabu fupi ipo kwenye saba,
mdomo useme moja.
Nikamuuliza, kwa nini wasichore moja pale?
Akasema, waliochora hawakupambazukiwa hapa.

Basi nilipoketi mara ya kwanza kiti cha rubani
sikushangaa vipimo kusema lugha ya mtu mwingine.
Ndege ilikuwa kuukuu, ya kubeba chanjo na barua:
Mtwara, Kikwetu, Nachingwea, kurudi.
Vipimo sita vya mviringo ubaoni
na mimi sikusoma namba hata moja.
Nilisoma mlalo wa akrabu,
kama unavyojua mgeni amekasirika
kabla hajavua viatu.
Akrabu ya kimo ikianza kuteleza
bega langu lilijua, mkono ukavuta,
akili ikafika baadaye, ikihema.

Mwaka jana waking'oa vile vya mviringo, wakaweka kioo.
Kizuri, usiniulize. Kinang'aa kama duka la simu.
Kimo sasa ni tarakimu:
3,420.
3,380.
3,310.
Kila moja kweli tupu.
Lakini kweli zikija moja moja
hazikwambii unaelekea wapi.
Juu ya Lukuledi, ndani ya wingu la Machi,
nilizisoma zote kwa sauti, vizuri, kama mwanafunzi,
na ndege inashuka chini ya sauti yangu.
Kengele ndiyo iliyonishtua.
Nikachora duara akilini, nikalitia akrabu,
ndipo tumbo likaelewa.

Kapteni Chitanda alicheka nilipomsimulia,
kisha akanyamaza.
Yeye alifunzwa jeshini, ng'ambo, kwa kipimo ambacho
kindege kidogo ndicho kinachoinama, upeo umetulia.
Aliporudi wakampa kile ambacho kindege kimetulia
na dunia ndiyo inayolala ubavu.
Miaka ishirini, anasema,
ndani ya wingu mkono wake bado huuliza kwanza:
nani amesogea, mimi au nchi?

Na siku ile ya Kikwetu,
ndege imekaa kwa tumbo kama kuku anayeatamia,
yeye kasimama kando, kofia mkononi:
vishikio viwili, pacha, bega kwa bega,
kimoja cha mabapa, kimoja cha magurudumu.
Alitaka kukunja mabapa. Akakunja miguu.
Ripoti ina kurasa arobaini na neno moja: uzembe.
Aliyeviumba pacha hakutajwa.
Nadhani alikuwa na ofisi yenye taa nzuri.

Ndege yangu nayo ina pacha hao hao.
Baba aliposikia hakutoa methali.
Aliuliza unene wa kishikio, kwa milimita.
Kesho yake akaleta korosho, na ganda lake,
ameitoboa kwa keekee ya saa, amepitisha waya.
"Ifunge kwenye cha magurudumu.
Kidole kikigusa ule mpindo hakitahitaji macho."
Tuliruka nayo miezi minne.
Mafundi waliizoea. Abiria mmoja, nesi wa Ndanda,
aliuliza kama ni dawa.

Mkaguzi akaja kutoka Dar, akaikata kwa mkasi:
si kifaa kilichoidhinishwa.
Akaandika na wakati: 13:05.
Saa saba na dakika tano, nikatafsiri kimoyomoyo,
kama nilivyotafsiri maisha yangu yote.

Hata leo, magurudumu yakishagusa ardhi,
kidole changu husimama kwanza juu ya chuma laini,
kinatafuta mpindo usiokuwepo.
Nakiacha kitafute.